Mkanda wa Mbio

Mpendwa Jeruto,

Hapa Eldoret tuko wazima. Babu yako amemaliza kupalilia mahindi, na ng'ombe wa mama yako amezaa ndama mwekundu. Joto la Mombasa umelizoea?

Huo waya wa bei nafuu ulioniandikia, wa kuingiza mikanda yetu ya video kwenye kompyuta, unachukua na sauti? Kama unachukua, nunua huo tu. Kwa pesa itakayobaki, tafuta deki nzuri ya mtumba ya kuchezea mikanda, maana deki mbovu hutafuna mkanda. Lakini unasema utaijaribu na ule mkanda wa mbio kwa sababu hauna maana. Hapo ngoja kidogo.

Nilipokuwa bibi harusi mpya, wakimbiaji wetu walionyeshwa kwa televisheni na sikuwa na mkanda mtupu. Nikaziba kitundu cha pembeni mwa mkanda wa harusi kwa selotepu ili mkanda ukubali kurekodiwa tena, nikaweka mbio juu ya harusi yangu. Niliona harusi siwezi kuisahau. Siku hizi sikumbuki hata nani alishinda mbio hizo.

Lakini mbio ziliisha kabla ya mkanda. Hapo harusi inarudi, dakika chache, na mama yangu anacheka akiniita jina langu la utotoni. Hakupigwa video tena.

Kwa hivyo jaribu deki na ule mkanda wa babu yako akihutubia chama cha maziwa. Hata ikimtafuna hatutalia. Ukifika kwenye mkanda wa mbio, usizime. Waache wakimbiaji wamalize wote. Mama yangu anakuja nyuma yao.

Nyanya yako