Leseni ya Nassor

Mjini Ibra, Ijumaa, Machi 1999

Hadithi ya leseni bado hainiingii. Kaka yangu Nassor hushindana mbio za pikipiki Uingereza. Eti klabu mbili zinamgombania, na chama cha mbio kimemzuilia leseni mpaka zipatane. Mama kaamini.

Basi mbona hapigi simu kuuliza? Msimu umeshaanza huko, naye kutwa kakaa kwenye majlisi yetu ya kupokelea wageni, mkono wa kulia kaulaza mapajani.

Leo baada ya sala Baba alitumiminia kahawa. Kwa Baba kusema "basi" hakutoshi. Humimina mpaka uitikise finjani. Nassor hakuitikisa. Akanywa, akajaziwa, akanywa tena, naye kahawa haipendi tangu udogoni.

"Watapatana lini watu hao?" Mama akamuuliza.

"Karibu, Mama, inshallah."

Nikamtazama kifundo cha mkono wa kulia, ulioshika finjani. Hakigeuki. Na huo ndio mkono wa kuongezea mwendo pikipiki. Kama si daktari aliyemkatalia leseni, ni nani?

Nilitaka kumuuliza mbele ya wote. Lakini Baba alikwisha kuliweka dele la kahawa chini, bila ya kungojea finjani itikiswe, wala hakumtazama Nassor.