Wimbo Ambao Redio Haijaupiga

Jumapili, Dumila

Redio haijaupiga wimbo ule hata mara moja. Nina uhakika, maana hakuna wimbo mpya wa dansi unaonipita mimi.

Basi Saidi ameujulia wapi? Asubuhi alikuwa akinoa jembe huku akiuimba, ubeti kwa ubeti, na sehemu ya gitaa akaipiga kwa mdomo. Huyu ndiye mume wangu, balozi wa nyumba kumi, anayewaambia vijana kila siku kwamba dansi ni uhuni. Juzi aliniaga kwamba anakwenda Kilosa kwenye mkutano wa ushirika, akalala huko huko.

Nikamwuliza, "Baba Zuhura, wimbo mzuri huo. Wa bendi gani?"

Akaacha kunoa. "Nilipita ukumbini, Morogoro. Nilisimama mlangoni tu."

Morogoro, si Kilosa!

"Ukacheza na nani?"

"Nilicheza peke yangu, Mama Zuhura. Haki ya Mungu."

Amesimama mlangoni, na hapo hapo amecheza.

Wimbo wenyewe, nikiri, unazidi zote nilizosikia mwaka huu. Labda hakuna mwanamke. Sijui. Lakini tangu tuoane namwomba anipeleke nikaione bendi kwa macho yangu, naye hunijibu kwamba mke wa balozi haendi dansini. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nimemwambia Jumamosi tunakwenda wote. Amekubali, lakini amekubali haraka mno. Sawa. Nataka nione watu wa kule watamsalimia kama mgeni au kama mwenyeji.