Kwa Nini Niliunyanyua Mkono wa Mghosi Clemence

Lushoto,
Jumapili jioni

Dada yangu Beatha,

Shikamoo, dada. Marahaba yako nitajipa mwenyewe, kwa kuwa simu zangu hupokei tangu juma lile. Magoti yanasemaje? Nasikia joto la Tanga linayafaa kuliko dawa, basi usidanganyike kuja huku kabla ya Oktoba, baridi bado ipo na ukungu unaingia hadi jikoni. Mama kule Bumbuli hajambo. Anakula vizuri na bado anawagombeza wachuma chai wanaokatiza uani kwake. Kristian naye mzima, ila kile kikohozi chake cha kila mwaka kimeshawasili. Mimi mwili hauniumi popote.

Ile video uliyotumiwa nimeiona pia. Ndiyo, yule mwanamke wa kitenge cha chama aliyeunyanyua mkono wa Mghosi Clemence jukwaani Mlola, huku meno yote nje, ni mimi mdogo wako. Ukaniandikia ujumbe mmoja tu, kwamba nimenunuliwa bei gani, kisha ukanyamaza. Nilikasirika, dada, sikufichi. Nilizunguka nyumba nikiongea peke yangu mpaka Kristian akaniuliza kama nina mgeni. Sasa hasira imepoa, na nimeona swali lako ni la haki, isipokuwa umelipima kwa mzani wa Tanga. Naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, na ukiisoma usimsomee mtu.

Unajua kwamba kura zangu hazikutosha, lakini hukuambiwa zilipotelea wapi. Nilipoacha ualimu kwenda kuchukua fomu ya ubunge, nilikuwa na mambo mawili mdomoni. La kwanza lumbesa, yale magunia ya mboga yanayoshonewa kilemba juu, mkulima anatoa gunia na nusu analipwa gunia. La pili ardhi ya mabinti, kwamba mtoto wa kike akibaki kwa wazazi wake analima, basi wazazi wakiondoka naye awe na pake pa kulima, pamoja na karatasi yake. Wengine walisema nimetumwa na wazungu. Mzee mmoja pale Lushoto mjini aliniuliza mbele ya wajumbe wote kama mume wangu ana habari kwamba niko hapo, na Kristian alikuwa amekaa nyuma yake anamenya chungwa.

Utaratibu wa chama kwenye kura za maoni unaujua. Wagombea wote mnapakiwa gari moja, mnazungushwa kata kwa kata, kila mmoja anapewa dakika zilezile za kumwaga sera, anaulizwa maswali, kisha mnarudi garini na kuulizana habari za watoto. Mghosi Clemence, maana huku hata wazee humwita bwana kwa Kisambaa, alikaa mbele kila siku kwa sababu ya unene. Alikuwa anapitisha karanga nyuma, anatuuliza kama tumeshiba. Ana malori yanayoteremsha mboga Dar es Salaam, kwa hiyo kila niliposema lumbesa nilikuwa namsema yeye, na kila niliposema, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi. Ningependa kukuambia kwamba ni mtu mbaya. Ni mtu mwema sana wa kukaa naye garini, na hilo ndilo linaloniudhi.

Saumu unamkumbuka. Tulisoma naye darasa moja miaka ile baba anafundisha Mlola, ndiye aliyekuwa akinisuka nywele. Ameachika, akarudi kwao, na miaka yote hii amelima na mama yake lile shamba la bondeni lenye mfereji. Ndiye kiongozi wa kina mama wa chama katani, na ndiye aliyenisukuma kugombea, si mwingine. Alikuja hapa nyumbani akaniambia kwamba siku mama yake akifumba macho, kaka yake Hassani atamwambia akale alikoolewa, na alikoolewa wameshaoa mwingine. Aliniambia kwamba mimi nina mdomo na elimu, nikaseme. Nikaenda kusema kwa ajili ya watu wengi, dada, lakini kila nilipofungua kinywa nilikuwa namwona yeye.

Mama yake akafariki katikati ya juma letu la kuzunguka. Na hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao sitausahau. Katibu alikuwa ametusomea kanuni siku ya kwanza, kwamba mgombea asitoe chochote kwa mjumbe mwenye kura, iwe mchango, iwe rambirambi, iwe chai. Wenzangu walitikisa vichwa wakaendelea na maisha. Mimi nikaishika kanuni ile kama katekisimu. Nilikuwa nimesema majukwaani kwamba nitakuwa safi, basi nikataka kuwa safi hata msibani. Nilitoka nyumbani siku ile Kristian akaniuliza mbona sijafunga mzigo, nikamjibu kwamba mwaka huu siwezi kubeba kitu. Akanifungulia mlango.

Wewe umekulia huku, unajua mwanamke anaingiaje msibani. Anaingia na kuni kichwani, au na maharage, au na ndizi, hata kama ni kidogo cha kuchekesha, anatua, ndipo analia. Mimi niliteremka nikaingia pale uani mikono ikining'inia. Wanawake walikuwa wamepanga foleni ya mizigo, wakanipisha nipite kwa sababu nilikuwa mgombea, na hiyo nafasi waliyonipa ilikuwa pana mno. Nilimkumbatia Saumu. Alinisikiliza pole yangu, halafu akaangalia mikono yangu, akainuka kwenda kuwapokea wengine. Muda si mrefu likaingia lori la kuni, na masufuria ya kukodi, na magunia mawili ya mchele. Dereva alisema yeye hajui siasa, ametumwa tu alete. Jina la aliyemtuma halikutajwa, wala hapakuwa na haja ya kulitaja.

Baada ya maziko nilimfuata Saumu nikamweleza habari ya kanuni, mwalimu mzima nikitoa somo kwa mtu aliyetoka kumzika mama yake. Alinijibu taratibu kwamba hata ukuni mmoja ungetosha. Akasema wanawake wameniona, na yeye hana la kuwaambia, maana mtu anayeogopa kumzikia mwenzake kwa sababu ya kura, akishapewa kura ataogopa nini zaidi. Nilirudi Lushoto nikiwa nimeshashindwa. Siku ya kupiga kura nilikwenda kwa ajili ya kukamilisha safari tu. Kina mama wa Mlola walinisalimia vizuri, wakaniulizia watoto, wakaniangusha.

Sasa nije kwenye mkono.

Ulipofika wakati wa arobaini ya mama yake Saumu, Hassani alikuwa ameshaanza kumwonyesha mnunuzi mipaka ya shamba la bondeni. Sheikh mwenyewe alimkumbusha kwamba binti ana fungu lake, Hassani akaitikia vizuri, akaendelea kupima. Nilimpelekea Saumu ujumbe kwamba nitamsindikiza baraza la ardhi. Alinijibu kwamba kesi ni ya miaka na karoti ni za miezi. Kwenye kisomo Mghosi Clemence alikuja, mgombea wetu rasmi sasa, akala, akaomba kusema na Hassani pembeni. Mazao yote ya Hassani hubebwa na malori ya Mghosi. Waliporudi, Hassani alitangaza mbele ya watu kwamba shamba la bondeni dada yake ataendelea kulilima. Wanawake walipiga vigelegele hapohapo kwenye arobaini. Mimi nilikuwa nimekwenda, safari hii na mzigo wangu wa maharage, na nilipiga vigelegele kama wao. Kitu nilichozunguka kata zote kukiombea kama sheria, yeye alikitoa kwa mazungumzo ya nyuma ya choo.

Siku chache baadaye katibu akanipigia kwamba tunavunja makundi. Tulioshindwa tunatakiwa kupanda jukwaani, kumnyanyua mshindi mkono, na kuwaambia waliokuwa wetu kwamba sasa sisi ni kitu kimoja. Wanaanzia Mlola, na wanataka niseme mimi, kwa sababu nina sauti. Nilimjibu kwamba nitahudhuria, nitakaa kwenye kiti, na sitasema neno. Chama ni changu, kukaa nitakaa. Lakini siwezi kuwaambia wale wanawake kwamba mwenye malori atawaondolea lumbesa. Nilimwambia Kristian vilevile, akasema ni sawa, kama hatukufa kwa kukosa mshahara hatutakufa kwa kukosa kitenge. Kama ingeishia hapo, dada, usingekuwa na video ya kutazama.

Kesho yake Mghosi Clemence alikuja hapa nyumbani, peke yake, na mkate wa sinia. Tulimkaribisha. Alikunywa chai, akamsifu Kristian kwa ng'ombe, akaniomba nimwonyeshe miti yangu ya plamsi iliyochanua nyuma ya nyumba. Tulipofika kule akashika tawi, akasema kwamba anaielewa fahari yangu, hata yeye angekuwa nayo. Akasema hanilazimishi. Kisha akasema kwamba Hassani ni mtu mkaidi, kilichomzuia ni heshima tu anayompa yeye Mghosi, na heshima ni kitu cha kuangaliana. Watu wa Mlola wakimwona Mwalimu Yudith amekaa kwenye kiti amenuna, Hassani naye atajiuliza kwa nini yeye ndiye amheshimu Mghosi kumshinda mwalimu. Alisema angesikitika sana. Sauti yake ilikuwa ileile ya kupitisha karanga. Tuliporudi ndani aliomba kikombe kingine cha chai, nikammiminia mimi mwenyewe.

Ndiyo bei yangu, dada. Nimenunuliwa kwa shamba la bondeni la Saumu, na si mimi ninayelilima.

Kristian sikumwambia. Nilimwambia kwamba nimebadili mawazo, naye hakuuliza zaidi, na tangu siku ile ananiongelesha kwa adabu kama mgeni wa kanisani. Nilipanda jukwaani. Nilikusudia kusema maneno machache yasiyo na chumvi, lakini wewe unanijua, nikishika kipaza sauti nasahau shida zangu. Nilisema vizuri. Nilisema kwamba Mghosi anajua mboga zinavyofika sokoni, kwamba anajua kusikiliza, kwamba mabinti wa Mlola wana mtetezi. Nilitumia sentensi zangu mwenyewe, zile za kata kwa kata, nikazitoa jina langu nikazitia lake, zikamkaa sawasawa. Wanawake wale walionikataa walisimama. Hakuna siku ya kampeni yangu niliyopigiwa makofi namna ile.

Nilipoteremka, Saumu alinifuata nyuma ya jukwaa. Akanikumbatia, mara ya kwanza tangu msiba. Aliniambia kwamba amefurahi kuona nimeacha kinyongo, sasa ndiyo nimekuwa mwanasiasa. Karoti ameshazipanda, ananikaribisha siku ya kuzing'oa. Halafu akasema kwamba anachompendea Mghosi Clemence ni kimoja, kwamba amempa shamba lake na hakumwomba mtu yeyote kitu.

Nilimjibu kwamba ni kweli.

Ningeweza kumwambia, dada, kinywa kilikuwa wazi. Lakini namjua, angekwenda palepale kumrudishia Mghosi shamba lake mbele ya watu, na jioni angekuwa hana pa kulima. Kwa hiyo nanyamaza mimi, na ninakuomba unyamaze nawe. Lile shamba halina karatasi. Lina neno la Hassani tu, na neno la Hassani lina Mghosi, na Mghosi akishinda ni miaka mitano, na watu wa aina yake hawashindi mara moja. Kesho gari linanipitia hapa mlangoni, tunakwenda kata za juu, na kesho kutwa pia. Katibu anasema wananiomba kila mahali.

Msalimie shemeji na wajukuu wote. Mama nitamfikishia salamu zako hata kama hukuzituma. Barua hii nampa dereva wa basi la Tanga, akikupa mpe maji ya kunywa, ni mtu mzima. Na simu nikipiga, ipokee, hata kama huna la kuniambia.

Wako mdogo wako,
Yudith