Upande wa Shamshad

Vuga, Unguja
9 Machi 1968

Mpenzi Banu,

Pokea salamu zangu, na natumai hali ya Dar es Salaam ni njema. Mimi mzima, ila magoti hulalamika nikipanda ngazi za bweni. Mungu amrehemu mama yako. Miaka minane tuliyokaa dawati moja alinilisha kama mwanawe, nami nimefiwa.

Umeniuliza kwa nini mwanao Shamshad, aliye chuoni hapa, mwendo mfupi tu kutoka nyumba ya mama yako Malindi, hakuwa na bibi yake siku ile ya kufa kwake. Unasema amekujibu kuwa alikuwa akijisomea mtihani, na tangu hapo humwandikii. Niwie radhi, nitaeleza kwa urefu, ndivyo nilivyo.

Wasichana wa bweni ninalolisimamia hula watatu sinia moja, kila mmoja upande wake. Shamshad hula na Time na Biasha. Tangu bibi yake alipolala kitandani, kila magharibi Shamshad alitoka kwenda kumnywesha uji na kumgeuza ubavu. Mimi nikiita majina, macho yangu daftarini, Biasha alimwitikia "Naam". Alfajiri wenziwe walimfundisha alichokosa, Time hesabu, Biasha Kiingereza.

Niligundua kwa wali. Mimi ndiye niliyewafunza kwamba mtu hali upande wa mwenziwe, nao waliishika adabu hiyo. Nilisikia naam tatu, na sinia lina pande mbili tu zilizoliwa.

Nilimwita. Alinieleza maradhi ya bibi, akaniomba ruhusa. Nilimhutubia sana juu ya uaminifu, kisha nikamwambia, "Ukitoka tena, Time na Biasha watafukuzwa kwa kukuficha."

Akasema, "Basi sitatoka, Bi Shemsa."

Siku ya nne jirani alimkuta mama yako amekwisha kufa, peke yake.

Banu, hapakuwa na mtihani. Mwanao amebeba lawama yako ili wenziwe wasitajwe. Na mimi nilidhani ni visingizio vya vijana. Njia ya nyumba ile naijua tangu utoto, wala sikwenda kutazama.

Jana nilipita penye sinia lao. Time na Biasha walikuwa wamemaliza zamani, wamekaa tu, wakimngoja Shamshad ale hata matonge mawili. Sikuwahimiza.

Msalimie Bwana Dawood na wote nyumbani. Ukiona sistahili jibu, sitakulaumu. Lakini mwandikie yeye.

Mwenzio wa dawati,
Shemsa binti Msabah