Besi ya Kaka

Jumatatu, 3 Machi
Leo miaka thelathini na nane tangu niikimbie nchi. Sikukumbuka mwenyewe, mdogo wangu wa kike ndiye aliyetaja, kwenye simu. Kaka yetu mkubwa amepooza, hawezi tena kusema. Daktari amewaambia wajiandae. Kabla ya hapo alitaka jambo moja tu: azikwe kwa ule wimbo wangu, kwa sauti zote nne. Kwaya ya karakana tulikofanya kazi na kaka bado ipo – wastaafu kumi na mmoja – lakini besi hawaikumbuki. Si uliutunga wewe? Tuandikie!
Nimeshika kalamu tangu saa nane. Soprano, alto, teno, zimekuja zenyewe. Besi hakuna. Niliitunga kwa koo la kaka, nikamwachia yeye aikumbuke.

Jumatano, 5 Machi
Nimeupata! Maktaba ya kwetu imeweka mtandaoni daftari la nyimbo zetu, lile lililochapwa palepale karakana. Ukurasa wa kumi na saba, picha ndogo kama stempu. Nimebofya – kufuli. Kazi hii inalindwa na hakimiliki, inasomwa ndani ya jengo la maktaba tu. Mtunzi wameandika Mwalimu, kiongozi wa kwaya yetu. Alikufa miaka ishirini na sita iliyopita, na ulinzi ni miaka hamsini baada ya kifo. Basi ningoje. Nitakuwa na miaka tisini na saba.
Mwalimu hakutunga hata nota moja ya wimbo ule. Ilikuwa desturi ya kwaya: wimbo wa yeyote huchapwa kwa jina la kiongozi. Hakuniibia. Nilimpa kwa mikono miwili, nikajiona nimekua.

Ijumaa, 7 Machi
Maktaba wamejibu, kwa adabu nyingi. Wanaomba ushahidi kwamba wimbo ni wangu. Ushahidi! Shahidi niliyebaki naye hawezi kutamka hata jina lake.

Jumatatu, 10 Machi
Mdogo wangu ameenda maktaba. Simu ameambiwa aache mlangoni, kalamu pia. Amejaribu kukariri kwa kuimba chinichini. Mama, hapa hatuimbi, akaambiwa. "Siimbi, mwanangu, napumua!" Wamemtoa. Alikuwa na mistari miwili kichwani. Kufika kituo cha basi, imeyeyuka. Tumecheka.
Ameambiwa mrithi wa mtunzi akikubali, watatoa nakala.

Jumatano, 12 Machi
Nimezungumza na binti wa Mwalimu. Ana duka la dawa. Nilipoondoka alikuwa anasoma darasa la tatu. Atakubali, ila kwanza nisaini barua kwamba wimbo ni wa baba yake, na sitaudai tena.
"Baba mdogo, watu wanamkumbuka baba kwa wimbo huo tu. Nikikupa huo, mimi nabaki na nini?"
Nyimbo alizotunga kweli Mwalimu ziko kwenye daftari lilelile. Nilizinakili mwenyewe. Hakuna anayeziimba.
Akaongeza: au njoo usome mwenyewe. Siku hizi hakuna anayekutafuta.
Alisema kwa wema. Imenichoma zaidi ya yote.

Jumamosi, 15 Machi
Tangu jana kaka hamezi hata maji. Mdogo wangu amepiga mara tatu. Ni jina tu, saini! Mara ya tatu hakufoka. Basi uje, amesema, nauli tutachanga, umwone na kaka angali anapumua.
Barua iko mezani. Tarehe nimeandika, jina nimeandika, penye saini pako wazi.
Nimejaribu kujiona kwenye foleni ya maktaba. Karani ananipa fomu. Jina la msomaji. Kazi inayoombwa. Mtunzi. Na hapo niandike jina la mtu mwingine, kwa mkono wangu, la sivyo daftari haliletwi.
Kwaya inafanya mazoezi kesho. Nimemwambia mdogo wangu watumie sauti tatu nilizotuma, besi nitaona. Amesema haya, kaka, akakata.
Sirudi.