Gundi Nyeusi ya Kona ya Mlangoni

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Hapa nyumbani hatujambo, wanangu wanakusalimu sana, na mimi ni mzima ukiacha magoti, ambayo siku hizi yanalia kama mlango mkavu. Simu zangu hupokei, basi nimeona bora karatasi. Nimempa dereva wa lori la saruji, anasema anapajua hapo hotelini unapopiga pasi mashuka.

Nina swali la kazi tu. Kile kituo cha afya kimeniita tena. Wanataka wodi ya wazazi ing'olewe sakafu ya plastiki, iwekwe vigae, na nimepewa mwezi mmoja. Plastiki imetoka vizuri, naikunja kama mkeka. Balaa ni gundi iliyobaki kwenye zege. Kuna ya njano, inanata kama mtoto anayedeka. Kuna nyeusi kama lami, ngumu, skrepa ya kukwangulia inateleza juu yake tu. Mambo haya wewe ndiye uliyekuwa na kichwa nayo. Niifanyeje?

Tangu asubuhi nimekaa, nimesimama, nimechemsha chai na sijainywa. Nijibu, tafadhali.

Wako,
Kaka


11 Machi

Kaka,

Salamu. Mimi mzima. Watoto wape salamu zangu, wao hawana kosa.

Ya njano ni yetu, ya plastiki tuliyoiweka. Chemsha maji, tia sabuni, lowesha mataulo mabovu, yalaze juu yake nusu saa. Kisha laza skrepa, usiisimamishe kama mtu anayechimba shimo. Itatoka kama uji ulioganda.

Nyeusi si yetu. Ni ya sakafu iliyokuwapo kabla yetu. Hiyo usiisage kwa mashine ikiwa kavu, hata msimamizi akupigie kelele vipi. Vumbi la gundi za zamani linaweza kuwa na sumu inayokaa kifuani miaka na miaka. Peleka kipande kikapimwe kwanza. Kikitoka salama, bado iloweshe gundi, na uvae barakoa ya kweli, si kile kitambaa chako. Ukimaliza, dondosha tone la maji. Zege likilinywa, limefunguka. Tone likikaa juu kama shanga, gundi bado imo na kigae hakitashika.

Na mimi nina swali la kazi tu. Hiyo nyeusi iko upande gani? Maana wodi ile tuligawana kwa mstari wa chaki.

Mdogo wako, kwa kuzaliwa


15 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima na mikono yako haijaungua kwa pasi. Mataulo yamefanya kazi! Upande wa madirisha umetakata kama sahani. Tone la maji linazama kabla sijainua kidole.

Kuhusu chaki, miaka mitatu ni mingi, mdogo wangu. Chaki ilishafutika, nani anakumbuka? Nyeusi iko huku na huku. Zaidi mlangoni. Msimamizi anapita kila baada ya saa, "Fundi, bado?" Bado. Jana nimetoka nje mara tatu kutafuta skrepa, kumbe nimeishika mkononi.

Mbona hukusema kama unakula vizuri?

Kaka


27 Machi

Mdogo wangu,

Salamu, hata kama huzitaki. Lori limekuja mara mbili, na mara zote mbili dereva kanionyesha viganja vitupu.

Nyeusi haiko huku na huku. Iko kona ya mlangoni, hatua tatu kwa nne, upande wangu. Upande wako hakuna hata doa.

Siku ile ulikuwa umekwenda kuchukua gundi. Mimi nikabaki na kona. Nilikwangua tangu asubuhi mpaka mikono ikafa ganzi, na wakaguzi walikuwa wanakuja kesho yake. Nikamwaga rojo la saruji la kusawazisha juu yake, nikalilainisha. Uliporudi ukaniuliza, "Kona imetoka?" Nikasema, "Imetoka."

Sakafu ilipovimba kwenye kona hiyo, mkunga akajikwaa akiwa na beseni la vifaa, akavunjika nyonga. Msimamizi akatuita. "Kona hii ilikuwa ya nani?" Nikasema, "Ya mdogo wangu." Nilijiambia kwamba mimi nina watoto, wewe uko peke yako, utapata kazi kwingine. Ukaniangalia. Ukavua pedi zako za magoti, ukaondoka. Tangu hapo hakuna fundi aliyekubali kukuchukua, na mimi nikaendelea kuitwa huku na kule, Fundi, Fundi.

Sikai nikatulia. Nikiwa kazini nataka kwenda nyumbani, nikiwa nyumbani nataka kurudi kazini. Nisamehe.

Kaka


2 Aprili

Kaka,

Salamu zimefika.

Nilijua. Nilijua palepale, kabla hujafunga mdomo. Ulidhani nilinyamaza kwa kukosa la kusema? Nilinyamaza nikikungoja wewe useme. Nikangoja mpaka getini. Nikangoja kituoni, nikaacha basi la kwanza lipite nikidhani utatokea unakimbia.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisahau pasi juu ya shati la mgeni. Limetoboka. Acha litoboke.

Mimi msamaha usiniombe kwa dereva wa lori. Na nyonga iliyovunjika si yangu. Nenda kwa mkunga. Kisha nenda kwa msimamizi. Kisha niandikie walichosema, neno kwa neno. Usipige msasa.

Mdogo wako


9 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijui kama nijibu sijambo.

Nimekwenda. Siku hizi mkunga anaandikisha wajawazito mezani, fimbo ameiegemeza ukutani. Nikamwambia, "Mama, ile kona uliyoanguka ilikuwa yangu, si ya mdogo wangu. Nilidanganya."

Akamaliza kwanza kuandika jina la mtu. "Wewe si ndiye uliyeniletea machungwa nilipolazwa?"

"Ndimi."

"Ukakaa pembeni ya kitanda changu, ukasema vijana wa siku hizi hawana umakini."

"Ndiyo, mama."

Akavua miwani. "Miaka mitatu namlaani yule binti. Kila asubuhi nikiinama kuvaa viatu. Sasa laana zangu nizipeleke wapi?"

Akasema, "Toka. Nina foleni."

Msimamizi naye akaniuliza, "Kwa nini unaniambia leo?" Nikasema kwa sababu gundi imeonekana. "Na isingeonekana?" Nikaangalia ukuta. Akasema, "Weka funguo za wodi mezani." Nimeziweka. Kona nimeiacha kama ilivyo, sikuigusa, kipande cha kupimwa ndicho pekee nilichobandua.

Mke wangu ananiambia nikae chini. Nazunguka uani tu. Kuku wenyewe wamenichoka.

Kaka


28 Aprili

Kaka,

Hujambo wewe, na shemeji, na watoto? Mimi sijambo. Nakuandikia nikiwa wodini, nimekaa juu ya ndoo.

Msimamizi alipiga simu hotelini mara mbili, nikakataa mara zote mbili. Mara ya tatu mkunga akamnyang'anya simu. Hakuomba radhi. Alisema, "Binti, nilikuwa nakutukana bure, nimeacha. Njoo umalize hii sakafu, akina mama wanajifungulia ukumbini." Nikaja.

Majibu ya kipande yalitoka salama, nikaanza. Kona yako imenichukua siku nne. Siku ya pili skrepa ikanivunjikia mkononi, na hapo nikaelewa kwa nini uliikimbia. Nilitaka kukuonea huruma. Badala yake nilipiga ukelele, wodi nzima tupu ikaitikia, mlinzi akaja mbio akidhani nimeanguka. Nikamwambia, "Niko sawa, namsema kaka yangu." Akasema, "Mseme taratibu." Nikarudi chini, nikaendelea kukwangua. Rojo sikumwaga.

Vigae vimekaa. Leo mkunga amepita juu yake kutoka mlangoni hadi madirishani, akarudi, akaniomba nimshikie fimbo aende tena bila fimbo. Akaenda hatua tano.

Sijakusamehe. Ningeweza kuandika kwamba nimekusamehe, karatasi haikatai, lakini ungejua.

Sasa sikiliza. Hotelini nimeaga. Nimepata kazi ya shule hapa jirani, madarasa mawili, gundi kila mahali, na mimi ndiye fundi mkuu. Natafuta mtu wa kukwangua. Atakwangua mpaka niseme basi, na nitapita nyuma yake kukagua kila kona. Kama hutaki, nyamaza, nitaelewa. Kama unataka, usiniandikie tena, njoo.

Jumatano, saa mbili asubuhi, geti la nyuma la shule. Nitangoja mpaka saa tatu.

Shangazi wa wanao