Windows Mpya kwenye Kompyuta ya Mzee Mashimba

Leicester, Uingereza
11 Januari 2026

Mama yangu, shikamoo.

Umeamkaje huko Sengerema, na goti nalo limeamkaje? Mimi ni mzima, ila baridi ya mwaka huu imetushika vibaya. Wazee ninaowahudumia hapa kituoni hawataki hata kutoa mikono kwenye blanketi. Winnie, yule ninayekaa naye, anakusalimu sana na anauliza ile dagaa ya kukaanga itakuja lini.

Mama, jana kwenye simu ulinisomea maneno yanayotokea kwenye kompyuta ya baba kila ukiiwasha, halafu ukasema huwa unayafunga tu na kuendelea na mambo yako. Usiyafunge. Yanakwambia kwamba Windows iliyomo imezeeka, na tangu Oktoba walioitengeneza wameacha kuiwekea kinga. Ukiingia humo kusoma barua zangu au kuangalia mambo ya pensheni yako, wezi wa mitandaoni wanaweza kuingia pamoja nawe. Inatakiwa iwekwe mpya. Na kwa kuwa kompyuta yenyewe ni ya siku nyingi, haitakubali kujibadilisha peke yake. Lazima fundi aipige Windows upya. Ni kazi ya siku moja.

Niambie umeamua nini. Na usiseme utafikiria, maana nakujua.

Mwanao,
Odeta


Sengerema
15 Januari 2026

Mwanangu Odeta,

Marahaba. Goti lipo, linajua mvua kabla ya redio. Mahindi yametoka vizuri, nyani bado hawajapata habari. Mwambie Winnie dagaa ipo, tatizo ni yeye kukaa mbali na ziwa.

Nimefikiria, na jibu ni hapana. Usije ukadhani naogopa mashine. Mtu aliyefundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja haogopi kitu. Kompyuta inawaka, barua zako nazisoma, nyimbo za kwaya alizotunga baba yako ziko humo zote. Kama kosa lake ni kuzeeka, mbona mimi nimezeeka na hakuna aliyenipiga Windows mpya?

Mafundi nao nawajua. Katekista wetu alipeleka ya kwake mjini mwaka juzi, ikarudi imenyolewa kipara, hata majina ya watoto wa komunyo hayamo. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza watu majina ya watoto wao.

Hiyo kompyuta niachie mimi. Uliza mambo mengine.

Mama yako


Leicester
19 Januari 2026

Mama, shikamoo.

Natumaini goti linaendelea vizuri. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimenuna.

Yaliyompata katekista hayakupati wewe, na aliyekukinga ni baba mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha pili alinikalisha mbele ya hiyo kompyuta akanionyesha kwamba ndani yake kuna sehemu mbili, C na D. Akaniambia fundi akipiga Windows anafuta C yote, pamoja na vile vitu unavyoviona usoni, kwenye desktop. D haiguswi. Ndiyo maana kila kitu chake alikiweka D. Hata wewe alikwambia, ila ulikuwa unachambua mchele.

Nimeshaongea na Nkwabi, mtoto wa shangazi. Jumamosi atakuja kuichukua, atavuka nayo ziwa kwa kivuko cha Kamanga mpaka mjini kwa fundi anayeitwa Maige. Watu wanamsifia.

Na nitasema jambo ambalo silipendi. Tangu nilipoikimbia ndoa nikaja huku, na mahari ikabidi irudishwe, baba hakusema na mimi tena. Miaka minne. Kila nikipiga simu anakupa wewe. Akafa hajasema, na mimi karatasi zangu zimekwama huku uhamiaji, nikashindwa hata kuja kumzika. Hakuniachia hata salamu, mama. Basi niache angalau niitunze kompyuta yake.

Mwanao,
Odeta


Sengerema
23 Januari 2026

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Haya, umeshinda. Nkwabi aje kesho. Yale maneno yako ya mwisho yameniishia mwilini, nimeshindwa kubishana nayo. Habari ya hiyo salamu tutaiongea ukija nyumbani.

Mwambie Nkwabi kompyuta isiwekwe chini kwenye kivuko. Aipakate.

Mama


Leicester
15 Februari 2026

Mama, shikamoo.

Uko salama kweli? Wiki tatu sijapata barua. Nikipiga simu unasema "mzima, mzima" halafu inakatika, na najua haikatiki yenyewe. Nkwabi ananiambia kompyuta ilirudi tarehe ishirini na saba, inawaka haraka na nyimbo za baba zimo zote, yeye mwenyewe alizisikiliza kwa fundi. Sasa kuna nini? Kama Windows mpya inakuchanganya, Nkwabi atakufundisha. Kama unaumwa, niambie.

Kama nimekukosea kukulazimisha, nisamehe. Lakini niandikie, mama. Sina mzazi mwingine wa kumwandikia.

Mwanao,
Odeta


Sengerema
19 Februari 2026

Mwanangu Odeta,

Marahaba. Mwili wangu ni mzima. Kaa kitini kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Baba yako alikuachia salamu. Wiki mbili kabla hajafa, sauti ikiwa imeanza kukwama, alijifungia chumbani na maikrofoni ya kwaya, akarekodi dakika kumi na moja kwenye ile kompyuta. Akaipa jina: Kwa Odeta. Aliniambia nikupe mkononi siku utakayorudi nyumbani. Ndiyo maana sikutaka mtu aiguse.

Aliiweka D, kama ulivyosema. Mimi ndiye niliyeitoa huko nikaiweka usoni pa kompyuta ili nisihangaike kuitafuta, kwa sababu nilikuwa naisikiliza. Kila siku, baada ya chai. Nilidhani nimetoa nakala, kama mtu anavyotoa fotokopi na karatasi yake ikabaki. Kumbe niliihamisha mzimamzima.

Siku ile Maige alinipigia. "Mama, D siigusi. Kwenye desktop je, kuna kitu chako nikitoe kwanza?" Nkwabi alikuwa hapo hapo, nilikuwa namsikia anaongea na watu. Nikaona aibu. Nkwabi angeliona jina lako, angemwambia shangazi yako, na kesho yake ukoo mzima ungejua nina sauti ya marehemu na sijakupa. Nikajipa moyo kwamba nyingine iko D. Nikamwambia, "Hakuna kitu, baba, endelea tu."

Hakuna kitu! Kinywa changu mwenyewe, Odeta.

Iliporudi nilifungua D kabla hata sijaivua kitenge vizuri. Nyimbo zipo. Picha zipo, mpaka za yule mbuzi aliyezaa mapacha. Yako haipo. Nimetafuta mpaka macho yakavimba. Nikamwita Maige akaja na vifaa vyake, akakaa hapa siku mbili, chai inapoa mbele yake. Akalipata jina. Nimeliona kwa macho yangu, Kwa Odeta, limeandikwa vile vile. Tukabonyeza. Hakukutoka kitu, hata mkwaruzo. Maige akasema jina limebaki lakini ndani pameshaandikwa vitu vingine. Kijana wa watu aliondoka analia, nikabaki mimi wa kumbembeleza.



Mama yako


Leicester
19 Februari 2026

Mama,

Shikamoo. Naandika shikamoo kwa sababu mkono umezoea.

Nimekaa kwenye ngazi za kazini, wameniita mara mbili sijaitika. Dakika kumi na moja? Baba aliongea na mimi dakika kumi na moja? Mwaka mzima na zaidi nimeishi nikijua amekufa hanitaki. Nilishazoea, mama, unaelewa? Nilishajifunza kutembea nayo.

Na ni mimi niliyeng'ang'ania. Wewe ulisema hapana, mimi nikatuma mtu mpaka mlangoni kwako. Nimeifuta sauti ya baba yangu nikiwa nimekaa huku Leicester, najiona mjanja wa C na D.

Halafu nimerudia kusoma, nikashtuka upya. Umesema uliisikiliza kila siku. Simu yako ina WhatsApp, mama. Kila asubuhi unanitumia sala na picha ya maua. Ulinitumia video ya jogoo wa jirani anayekimbiza pikipiki. Hiyo nayo ungenitumia kwa dakika moja, hata ungeweka simu mbele ya spika ikajirekodi hivyo hivyo. Na baba alijua karatasi zangu zimekwama, alijua siwezi kuja leo wala kesho. Kwa nini aseme nipewe mkononi?

Alisema hivyo kweli? Nijibu hilo. Na kama unakumbuka neno lolote, hata moja, niandikie.

Odeta


Sengerema
1 Machi 2026

Odeta mwanangu,

Marahaba, ingawa hiyo shikamoo sikuistahili. Siulizi habari za afya yako, nazijua, ni mimi niliyeziharibu.

Siku kumi nakaa mbele ya hii kompyuta, naandika, nafuta. Inafanya kazi vizuri mno. Inawaka kabla sijavaa miwani.

Hakusema hivyo. Nilitunga.

Nilikukasirikia. Siku ya mazishi waliita watoto wa marehemu waje kuweka udongo, na hakuna aliyesogea, kwa sababu mtoto ni wewe peke yako. Watu wakanitazama mimi. Nikasema moyoni, naye angoje kidogo, aonje. Nikapanga nikutumie arobaini ikiisha. Arobaini ikaisha. Hasira nayo ikaisha, lakini hapo nilikuwa nimechelewa, na nilijua utaniuliza baba aliirekodi lini. Kila mwezi uliopita ukaifanya iwe ngumu zaidi. Ulipoandika kwamba hakukuachia hata salamu, kompyuta ilikuwa bado iko mezani, faili liko mbele ya macho yangu. Ningeweza kukutumia siku ile. Nikakuandikia habari za kivuko.

Na kuna jingine, nalisema na lenyewe. Nyumba hii ina vyumba vinne na ile ndiyo sauti pekee iliyokuwa inaongea ndani yake. Nilijua ni yako. Nilitaka iwe yangu.

Maneno yake nayajua yote. Nimeyaandika kwenye daftari, mpaka mahali alipokohoa, na Nkwabi atayapiga picha akutumie leo. Anakuomba msamaha, Odeta. Anasema siku aliyowaswaga wale ng'ombe kumi na wawili kuwarudishia wenyewe, mchana, sokoni watu wakimcheka, aliona aibu wiki moja tu. Iliyobaki yote ilikuwa kiburi. Anasema alikuwa anakaa karibu na mimi ukipiga simu ili akusikie. Ni kweli, alikuwa anajifanya anatafuta miwani. Anacheka mara moja, anapokumbuka ulivyokuwa unaimba besi ukiwa na miaka sita. Sitaweza kukuandikia kicheko hicho. Nimejaribu.

Lakini maneno ya mwanzo kabisa siyo yako, ni yangu. Hata kabla hajakusalimu anaanza na mimi, na nimeyasikiliza mwaka mzima na miezi miwili, kila siku baada ya chai. Anasema hivi:

"Mama Odeta, najua utasikiliza. Sikiliza, siyo siri. Ila mtumie leo leo. Sitaki mtoto alale tena hata siku moja akidhani simtaki."

Mama yako